Mzigo, Jembe na Ngoma: Historia ya Jasho na Akili Kando ya Ziwa Victoria

Historia ya pwani ya kusini ya Ziwa Victoria, kuanzia Geita na Sengerema upande wa magharibi hadi Magu na Ukerewe upande wa mashariki, imeandikwa zaidi kama historia ya bidhaa na utawala: pembe za ndovu, chumvi, pamba, samaki, watemi, Wajerumani, Waingereza na vyama vya ushirika. Katika maandishi hayo mwili wa mtu aliyebeba pembe, aliyelima pamba au aliyepiga kafi huonekana kama nguvu kazi tu, yaani kitu cha kuhesabiwa kwa mizigo na ekari, na ni mara chache mwandishi huuliza kazi hiyo ya kuhemesha ilikuwa ikiifanyia nini akili ya mwenye kuifanya. Swali hilo lina uzito zaidi leo, kwa kuwa utafiti wa ubongo uliofanyika tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba mwendo wa muda mrefu hubadili hali ya moyo, kumbukumbu na namna watu wanavyoshirikiana, na kwa kuwa Wasukuma, Wakerewe, Wazinza na majirani zao walikuwa wamejenga, muda mrefu kabla ya utafiti huo, taratibu za kijamii zilizowafanya watu waingie katika jasho hilo kwa hiari na hata kwa shauku.

Mwendo unaohusika hapa ni ule ambao wataalamu huuita mazoezi ya aerobiki, yaani shughuli ya mfululizo inayotumia misuli mikubwa ya miguu, mgongo na mikono kwa dakika nyingi au kwa saa kadhaa, kwa kasi ambayo moyo na mapafu huweza kuimudu kwa kuipelekea misuli oksijeni ya kutosha. Kutembea kwa haraka, kukimbia taratibu, kuendesha baiskeli, kupiga kafi, kulima kwa jembe la mkono na kucheza ngoma vyote vimo, ilhali kunyanyua gunia mara moja au kukimbia mita 100 kwa nguvu zote havimo, kwa sababu shughuli hizo hutumia nguvu iliyohifadhiwa ndani ya misuli kwa kasi inayoipita pumzi. Elimu ya mazoezi haya ilienea duniani baada ya Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, kuchapisha kitabu chake mwaka 1968, na kilichomshughulisha yeye kilikuwa hasa moyo na mishipa ya damu. Ubongo uliingia baadaye, ingawa ulistahili kuingia mapema, kwani kiungo hicho chenye uzito wa takribani asilimia 2 tu ya mwili hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote anayoivuta mtu aliyetulia.

Kazi ya kwanza kati ya kazi hizo kuingia katika maandishi ni ile ya upagazi. John Hanning Speke alipofika mahali ilipo Mwanza ya leo na kuliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, aliletwa na wapagazi kutoka Kazeh, karibu na Tabora, kwa njia ya zaidi ya kilomita 300, na safari nzima ya kwenda na kurudi ilimalizika katika muda usiofika wiki saba. Miaka 17 baadaye, mwezi Februari 1875, Henry Morton Stanley aliingia Kageye, kijiji cha pwani ambacho sasa kimo katika wilaya ya Magu, akiwa na mashua iliyokatwa vipande na kubebwa mabegani kutoka Bagamoyo, kisha ikaungwa hapo na kuzungushwa ziwa zima kwa takribani miezi miwili. Vitabu vya wasafiri hao vimejaa majina ya vilima na mito waliyoipa wao wenyewe, na majina ya waliobeba mizigo ni machache mno, lakini hata humo inaonekana wazi kwamba waliobeba hawakuwa wanyama wa mizigo. Wanyamwezi, na Wasukuma pamoja nao, walikuwa wamebobea katika kazi hiyo kabla Mzungu yeyote hajaiona Tabora: walijadiliana ujira, waligoma walipodhulumiwa, walichagua uzito ambao mara nyingi ulikuwa kati ya kilo 25 na 35, na kwa kijana wa kiume safari ya kwenda pwani ilikuwa hatua ya kuingia utu uzima, kiasi kwamba aliyeikwepa alionekana bado mtoto.

Msafara ulikuwa na mpangilio wake. Mbele alitangulia kirangozi, yaani mwongoza njia, akiwa na mapambo kichwani na mzigo mwepesi kuliko wa wenzake, na yeye ndiye aliyeweka kasi ya wote na aliyeanzisha wimbo. Waliomfuata waliitikia kwa kifungu kifupi, na mpangilio huo wa kuanzisha na kuitikia unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu unafanya kazi ya kimwili isiyoonekana kwa msikilizaji aliyekaa kivulini. Mtu anayepanda kilima akiwa na kilo 30 begani hawezi kuimba mfululizo, lakini anaweza kutoa maneno mawili matatu katika mkupuo mmoja wa pumzi, akavuta hewa wakati kirangozi anaendelea, kisha akaitikia tena. Waganga wa mazoezi wa leo huwafundisha wagonjwa wao kipimo kinachokaribiana sana na hicho: anayeweza kuzungumza akiwa katika mwendo lakini hawezi kuimba kwa raha yumo katika kiwango cha wastani, na anayeshindwa kutamka zaidi ya maneno machache amekwisha kuingia katika kiwango cha juu. Wimbo wa msafara ulikuwa, basi, kipimo cha pumzi kilichobebwa vinywani mwa watu wote, kwani kiitikio kilipofifia nyuma ya mstari, kirangozi alipata habari kwamba kasi yake imewazidi.

Wasukuma walikuwa pia na safari yao ya chumvi. Vijana walitoka kwa makundi kwenda Ziwa Eyasi, bonde kavu lililo mashariki ya nchi yao, wakakusanya chumvi na kurudi nayo kwa mwendo wa siku nyingi katika nyika yenye simba na uhaba wa maji, na aliyerudi salama alipokelewa kwa heshima. Bonde hilohilo la Eyasi limekuwa katika miaka ya karibuni mahali pa utafiti muhimu sana kuhusu mwendo wa binadamu, kwa kuwa ndipo wanapoishi Wahadza, ambao baadhi yao bado huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Watafiti David Raichlen na Herman Pontzer waliwavalisha vifaa vya kupima mwendo na mapigo ya moyo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba Mhadza mzima hutumia kwa wastani zaidi ya saa 2 kila siku katika mwendo wa wastani au wa nguvu, kiwango ambacho mfanyakazi wa ofisini huenda asikifikie kwa wiki nzima, na kwamba dalili za maradhi ya moyo miongoni mwao ni chache mno. Raichlen alikuwa tayari, mwaka 2012, ameonyesha jambo jingine linalohusu moja kwa moja furaha ya mwendo. Alipima damu ya watu, mbwa na vicheche wa kufugwa kabla na baada ya kukimbia, akaona kwamba kwa watu na mbwa, viumbe ambao asili imewajenga kwa mwendo mrefu, kukimbia kulipandisha kiwango cha kemikali ambazo mwili hujitengenezea na ambazo hufanya kazi katika ubongo kwa njia inayofanana na ile ya bangi, ilhali kwa vicheche kiwango hakikupanda. Kemikali hizo hupunguza maumivu na wasiwasi na huleta utulivu ambao wakimbiaji wa masafa huusifu, na ni halali kusema kwamba wabeba chumvi wa Eyasi na wapagazi wa njia ya Tabora walikuwa na mwili uleule na ubongo uleule.

Hata hivyo, litakuwa kosa kubwa kuitukuza kazi ngumu kwa sababu tu inahemesha. Utawala wa Kijerumani, na baada yake wa Kiingereza, uliugeuza upagazi kutoka kazi ya mkataba kuwa amri, na katika Vita Kuu ya Kwanza, ambamo Mwanza ilitwaliwa na Waingereza mwezi Julai 1916, makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Walitembea sana kuliko baba zao, na mwendo huo haukuwajenga. Utafiti wa siku hizi unatoa maelezo ya sehemu ya tofauti hiyo: wanasayansi wa Denmark, wakiwafuatilia wafanyakazi kwa miaka mingi, wameona kwamba mwendo ambao mtu anajichagulia wakati wa mapumziko huulinda moyo, lakini kazi nzito ya saa nyingi, isiyo na nafasi ya kupumzika na ambayo mfanyakazi hana mamlaka juu ya kasi yake, hailindi kwa kiwango hicho na pengine hudhuru. Kwa hiyo jambo la msingi katika historia ya jasho kando ya ziwa ni mazingira yake: nani aliamua kasi, nani alianzisha wimbo, na lini mtu aliruhusiwa kutua mzigo.

Hapa ndipo kilimo cha pamoja cha Wasukuma kinapoonyesha ustadi wake wote. Katika kila kijiji vijana walikuwa na chama chao kilichoitwa elika, chenye kiongozi aliyejulikana kama nsumba ntale, na kaya iliyokuwa na shamba kubwa kuliko nguvu zake ilimwendea kiongozi huyo kuomba msaada, ikiahidi nyama, pombe au, katika miaka ya baadaye, fedha. Siku iliyopangwa kikundi kilifika alfajiri. Walijipanga katika mstari mmoja mwanzoni mwa shamba, bega kwa bega, kila mmoja na jembe lake, na wapiga ngoma wakasimama mbele wakiwatazama. Mpigo ulipoanza, majembe yalipanda yote kwa pamoja na kushuka kwa pamoja, udongo ukapinduliwa katika tuta moja refu kutoka upande huu wa shamba hadi ule, na mstari wote ukapiga hatua moja. Mwimbaji alitoa ubeti, mstari ukajibu wakati majembe yakiwa juu, kisha kimya cha kushusha. Ngoma ilipobadilika, mlimaji alilirusha jembe hewani likajizungusha, akalidaka kwa mpini na kuendelea bila kukosa mpigo. Mtindo huo, unaojulikana kama bugobogobo, ulikuwa kazi na mchezo kwa wakati mmoja, na mtaalamu wa muziki Frank Gunderson, aliyekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma kwa miaka mingi na kuzitolea kitabu mwaka 2010, ameonyesha jinsi nyimbo hizo zilivyobeba habari za watemi, za vita, za bei ya pamba na za siasa, kiasi kwamba shamba lilikuwa pia mahali pa kusikia na kutathmini mambo ya nchi.

Faida ya mpangilio huo kwa mlimaji mmoja mmoja ilikuwa kubwa kuliko mtu anavyoweza kudhani. Anayelima peke yake huamua kila dakika kama aendelee au apumzike, na uamuzi huo wenyewe humchosha. Aliye katika mstari hukabidhi uamuzi kwa ngoma, na mwili hufuata. Mpigo wa kudumu huwafanya watu wapumue kwa utaratibu na kuepuka mwendo wa pupa unaofuatiwa na kuishiwa nguvu, na utafiti mwingi wa muziki na mazoezi unaonyesha kwamba anayekwenda na mpigo huhisi uchovu kidogo kuliko asiye nao kwa kazi ileile. Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Mwaka 2010 Emma Cohen na wenzake wa Oxford waliwapima wapiga makasia wa chuo hicho kwa kulinganisha siku walizofanya mazoezi kila mmoja peke yake na siku walizofanya kwa pamoja katika mpigo mmoja, wakitumia kiwango cha kuvumilia maumivu kama ishara ya kutolewa kwa endofini, yaani kemikali za ubongo zinazofanya kazi kama dawa ya maumivu. Jasho lilikuwa lilelile, lakini siku za pamoja uvumilivu ulipanda kwa kiasi kikubwa zaidi. Miaka mitano baadaye Bronwyn Tarr na wenzake waliwachezesha wanafunzi wa sekondari nchini Brazil, wakaona kwamba kujituma kwa nguvu na kwenda sambamba na wenzako ni mambo mawili ambayo kila moja kwa upande wake huongeza uvumilivu wa maumivu na hisia ya kuwa karibu na kundi. Mstari wa bugobogobo ulikuwa na yote mawili kwa wakati mmoja.

Ziwani hali ilikuwa hivyohivyo. Kabla ya meli na injini, mawasiliano kati ya Mwanza, Ukerewe, Ukara na pwani ya Buzinza yalitegemea mitumbwi, mingi ikiwa ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, iliyoendeshwa na wapiga kafi waliokaa wawili wawili na kwenda kwa wimbo. Wimbo katika mtumbwi si pambo, kwa maana kafi moja likichelewa huligonga la jirani, mtumbwi ukayumba, na katika mawimbi ya mchana, upepo unapovuma kutoka ziwani, kuyumba huko kunaweza kuwa mauti. Matokeo ya Oxford yangekuwa habari ya kawaida kwa Mkerewe yeyote wa karne ya 19.

Mavuno yalipokwisha kuingia ghalani, kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, jasho lilihamia uwanjani. Mbina, kama Wasukuma wanavyoita ngoma na uchezaji, iligawanywa katika pande mbili kubwa zinazodumu hadi leo, Bagika na Bagalu, ambazo simulizi huzirudisha kwa wacheza ngoma na waganga wawili wa katikati ya karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana uwezo mkubwa zaidi. Ubishi wao uligeuka taasisi. Vikundi vya pande hizo mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kuhama. Upande unaovuta umati mkubwa zaidi ndio mshindi, na hakuna mwamuzi mwingine. Kwa sababu hiyo kila kundi lilitafuta mitindo mipya, mavazi, vichekesho, nyoka, fisi aliyefungwa kamba, na dawa za mvuto, na maandalizi yalichukua miezi. Mashindano yalidumu siku nzima na wakati mwingine siku kadhaa, na wachezaji walikuwa wakiruka, wakikanyaga na kuinama kwa saa nyingi, katika kiwango ambacho daktari wa leo angekiita mazoezi ya nguvu bila kusita.

Inafaa kukaa kidogo katika jambo hili la ushindani, kwa sababu linagusa udhaifu mkubwa wa sayansi ya mazoezi. Ushahidi kwamba mazoezi husaidia ni mwingi. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliwagawa watu 156 wenye sonona, wote wa umri wa miaka 50 na kuendelea, katika makundi matatu, la dawa, la mazoezi ya aerobiki na la vyote viwili, na baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Mwaka huohuo Henriette van Praag na wenzake walionyesha kwamba panya waliopewa gurudumu la kukimbilia walizalisha chembe mpya za neva katika hipokampasi, sehemu ya ubongo iliyo upande wa ndani wa masikio na inayotunza kumbukumbu na ramani ya mahali, na wakajifunza vizuri kuliko wenzao waliokaa. Mwaka 2011 kundi la Kirk Erickson na Arthur Kramer liliripoti juu ya wazee 120 nchini Marekani: waliotembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, hipokampasi yao iliongezeka ukubwa kwa takribani asilimia 2, ilhali ya wale waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu ilipungua kwa zaidi ya asilimia 1. Majaribio yaliyofuata hayakupata ongezeko kubwa kiasi hicho kila mara, lakini mwelekeo wa jumla umesimama, na maelezo yake yanahusu damu nyingi zaidi inayofika kichwani na protini ambayo mwili huitoa wakati wa mwendo na ambayo huzilea chembe za neva na viungo vyake. Tatizo halimo katika ushahidi. Tatizo ni kwamba nje ya jaribio watu huacha. Anayeandikiwa kutembea huanza kwa ari, kisha mvua ikanyesha, kazi ikazidi, na viatu vikabaki mlangoni. Bagika na Bagalu wamewaweka watu katika mwendo kwa zaidi ya miaka 150 bila kumwambia yeyote kwamba ni kwa afya yake, kwa kuwa asiyekuja kwenye mazoezi ya kundi analiangusha kundi mbele ya nchi nzima.

Wamisionari wa mwanzo waliitazama mbina kwa hofu, kwa sababu ya dawa na matambiko yake, na waumini wengi waliambiwa wakae mbali. Padri David Clement, mmisionari wa shirika la Wamisionari wa Afrika aliyetoka Quebec, alichukua njia nyingine. Akiwa Bujora, karibu na Kisesa, mwendo mfupi kutoka mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma, alijenga parokia katika miaka ya 1950 kwa mtindo wa nyumba na ngoma za Kisukuma, akaanzisha makumbusho ya Wasukuma, na sikukuu ya Ekaristi ikaunganishwa na mashindano ya ngoma yanayojulikana kama Bulabo, yanayofanyika kila mwaka mwezi Juni. Kwa hatua hiyo Kanisa liliipa mbina uwanja wa kudumu katika wakati ambapo mambo mengine yote yalikuwa yakiiondolea nafasi.

Mambo hayo yalianza na reli. Njia ya reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na upagazi wa masafa, ambao tayari ulikuwa umedhoofika, ukafa kabisa katika kizazi kimoja. Pamba ilileta fedha, na mwaka 1955 vyama vya wakulima, ambavyo Paul Bomani alikuwa kiongozi wao mkuu, viliungana katika shirikisho la Victoria, lililokuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mwanzoni pamba hiyo iliongeza kazi za bugobogobo, lakini fedha ileile ilinunua plau za kukokotwa na ng'ombe na baadaye kukodi matrekta, na mstari wa majembe ukafupika. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 viliwahamisha watu kutoka makazi yaliyokuwa yameibeba elika. Injini za mitumbwi, hasa baada ya biashara ya sangara kupamba moto katika miaka ya 1980, zilinyamazisha wimbo wa kafi, na mashindano ya kupiga makasia yanayofanyika Mwanza leo ni ukumbusho wa kazi hiyo. Baiskeli peke yake ilikwenda kinyume na mkondo. Fedha za pamba zilijaza baiskeli vijijini, na kwa miongo mingi mtu wa Kwimba au Misungwi alipeleka gunia, mgonjwa au bibi harusi kwa miguu yake mwenyewe katika umbali ambao ungemtisha mwendeshaji wa michezo, hadi pikipiki za bei nafuu zilipoingia katika miaka ya 2000 na kuitwaa kazi hiyo.

Taifa jipya, kwa upande wake, lilianzisha utaratibu mwingine wa jasho lenye wimbo. Kutoka katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa mwaka 1963, na katika shule za zama za Elimu ya Kujitegemea baada ya mwaka 1967, mchakamchaka ulienea nchi nzima: alfajiri, kabla ya kengele ya darasa, wanafunzi walikimbia kwa mistari kuzunguka kijiji, mmoja akianzisha na wote wakiitikia, miguu ikipiga ardhi kwa mpigo mmoja. Waliousimamia walitaka nidhamu na uzalendo. Kilichopatikana pamoja na hayo kimeelezwa na Charles Hillman wa Illinois, ambaye mwaka 2009 alionyesha kwamba watoto waliotembea kwa kasi dakika 20 walikuwa makini zaidi na walielewa vizuri zaidi walichosoma muda mfupi baadaye, na mikondo ya umeme ya ubongo wao ilionyesha umakini huo. Kwa kipimo hicho mchakamchaka ulikuwa umewekwa saa inayofaa kabisa, na kuachwa kwake katika shule nyingi za mijini, ambako watoto hufika kwa basi na kukaa hadi jioni, ni hasara ambayo haijajadiliwa inavyostahili na walimu, na wala Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichomo ndani ya mkoa huohuo wa Mwanza, hakiwezi kuifidia peke yake kwa kufundisha makocha.

Jiji la Mwanza lenyewe, lililojengwa juu ya miamba, lingeweza kuwa uwanja bora wa mazoezi nchini. Mkazi wa Mabatini au Isamilo anayepanda kwenda kwake kwa miguu hufanya kazi ya moyo ambayo watu wa miji tambarare huilipia. Lakini bodaboda hufika mlimani, na wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari wamekuwa sehemu ya kawaida ya kliniki za Bugando, hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachotazama ziwa. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa iliyotenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, na katika miji yote vikundi vya mbio za asubuhi, vinavyojulikana kama klabu za jogging, vimeongezeka. Vikundi hivyo havikusoma matokeo ya Oxford wala ya Brazil. Hukimbia kwa mistari barabarani kabla ya magari kuzidi, mwanzishaji wa wimbo akiwa pembeni, akibadilishana na mwenzake pumzi inapomwishia, na kiitikio kikiwa kifupi. Hualikana katika mabonanza, kila klabu na fulana za rangi yake na nyimbo zake, na idadi ya watu ambao klabu imekuja nao ni sehemu kubwa ya sifa inayoondoka nayo.